Duesenberg J kwa skeli ya 1/8: magurudumu ya waya yanayumba, na je, injini iwake au izunguke tu?

MadigadiNdefu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojenga modeli za magari ya zamani kwa shaba.

Kazi iliyopo mezani ni Duesenberg Model J (gari la kifahari la Marekani) ya chesi fupi, skeli ya 1/8. Gari halisi lina inchi 142.5 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani mm 3,619.5, kwa hiyo kwenye modeli ni mm 452.4. Chesi imeshalehemiwa. Nimeipima kona kwa kona na tofauti ni mm 0.3, hapo sina wasiwasi.

Kinachonishinda ni magurudumu. Rimu ni za shaba ya njano, nimezikereza kwa kipenyo cha mm 60.3 (inchi 19 kugawa kwa 8). Spoku ni waya wa chuma kisichoshika kutu, mm 0.5. Matundu ya rimu nimetoboa kwa biti ya 0.6, yote yakitazama katikati ya habu. Nafunga spoku kwenye jigi ya mbao (kishikizo cha kuzuia vipande visisogee), kisha nalehemu moja baada ya nyingine nikizunguka rimu. Gurudumu likiwa ndani ya jigi limenyooka kabisa. Nikilitoa tu, linayumba mm 1 hadi 1.5 kwa pembeni, na karibu robo ya spoku zimelegea na kujikunja kama upinde. Nimerudia mara tatu, matokeo ni yale yale.

Maswali mengine mawili:
1. Injini: inawezekana iwake kwa petroli, au niridhike na ya kuzungushwa kwa mkono?
2. Rangi ya kijani ya bloku ya injini inatoka na vinundu kama ganda la chungwa. Natumia laka juu ya praima ya kawaida.

---

Kerezo

Mkuu, mkono wako hauna kosa. Una makosa mawili ya jiometri na moja la joto, na kila moja peke yake linatosha kuyumbisha gurudumu.

La kwanza ni matundu. Umetoboa yakitazama katikati, lakini spoku ya gurudumu la waya haiendi katikati. Inaondoka ubavuni mwa habu kwa mstari wa tanjenti (unaogusa tu duara la habu), na wakati huo huo inaelekea pembeni kwa sababu flanji ya habu, yaani ukingo unaoshika spoku, haiko kwenye usawa wa rimu. Ikifika kwenye tundu lililonyooka, spoku inalazimika kupinda sehemu ya mwisho ya mm 2 ili iingie. Mpindo huo ni springi. Jigi inaizuia, ukitoa gurudumu inajiachia. Ndiyo maana unaona limenyooka ndani na linayumba nje.

Piga hesabu ya pembe kabla ya kutoboa. Chukua mfano wa flanji yenye nusu kipenyo ya mm 7 na ukuta wa ndani wa rimu wenye nusu kipenyo ya mm 28. Spoku ikiondoka kwa tanjenti, pembe yake na mstari wa kuelekea katikati, pale inapogusa rimu, ni ile ambayo sini yake ni 7/28, yaani nyuzi 14.5. Umbali wake ukitazama gurudumu kwa mbele ni mm 27.1. Kama flanji iko mm 9 nje ya usawa wa rimu, mteremko wa pembeni ni nyuzi 18.4. Kwa hiyo tundu hilo linatakiwa lilale nyuzi 14.5 kwa upande wa mzunguko na 18.4 kwa upande wa ekseli. Weka namba za habu yako mwenyewe. Flanji ya nje na ya ndani kwa kawaida hazilingani kwa umbali, basi kila safu itakuwa na pembe yake. Usipime moja ukadhani umepima zote.

Kutoboa kwa pembe kwenye ukuta wa mviringo ni kazi ya kuudhi, biti ya 0.6 inateleza na kuvunjika. Anza na biti fupi nene ya kutia kitovu, iingie mm 0.3 tu, ndipo ufuate na ya 0.6. Rimu ikae kwenye kichwa cha kugawanyia (kifaa cha kuzungusha kazi kwa hatua zilizo sawa) kilichoegemezwa kwa kabari ya pembe uliyoipata. Nusu ya spoku huvuta kwenda mbele na nusu kurudi nyuma, kwa hiyo toboa zote za upande mmoja, geuza kabari, kisha za upande wa pili.

La pili ni waya. Waya uliotoka kwenye koili unabaki na mviringo wake hata ukiunyoosha kwa vidole. Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, vuta polepole mpaka uhisi umeachia ghafla kidogo. Kipande cha mm 500 kikirefuka mm 5 hadi 10 kinatoka kimenyooka kama rula. Hii inakubali kwa waya laini au wa ugumu wa kati. Ule mgumu wa springi utakatika kabla haujanyooka, na usimame pembeni unapovuta maana ncha yake inaruka.

La tatu ndilo linalokupa spoku zilizolegea. Shaba ya njano hutanuka takriban sehemu 19 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukilehemu, eneo la rimu linapanda nyuzi zaidi ya 150 huku spoku ile bado ni ya baridi. Rimu yote ikipanda nyuzi 180, kipenyo cha mm 60 kinaongezeka mm 0.2. Wewe unapasha kipande kimoja kimoja, kwa hiyo rimu inavimba upande mmoja, risasi ya kulehemia inaganda, rimu inarudi ilipokuwa, na spoku iliyoshikwa inasukumwa kuelekea katikati. Haina pa kwenda, inapinda. Ukifanya hivyo kwa kufuata mzunguko, makosa yanajumlishana upande mmoja.

Pasha kila kitu kwa pamoja. Jigi ya mbao itupe, kereza ya alumini: sahani yenye ngazi ya kukalia rimu na nguzo ya katikati ya habu, kimo cha nguzo kiwe kile kinacholeta habu mahali pake. Acha nafasi ya mm 0.1 kati ya rimu na ngazi. Alumini haishiki risasi ya kawaida, na inatanuka karibu sawa na shaba. Weka yote juu ya sahani ya moto mpaka nyuzi 150 hivi, kisha chuma cha kulehemu kimalizie zile 40 zilizobaki. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya kawaida kinatanuka kama sehemu 17 kwa milioni, basi vyote vikipoa pamoja tofauti ni ndogo mno kuonekana. Lehemu kwa kupishana: ya saa 12, ya saa 6, ya saa 3, ya saa 9, halafu katikati yake. Usilipulizie hewa lipoe haraka.

---

TupaNdogo

Nakubaliana na Kerezo kuhusu pembe. Kwenye kulehemu upande wa rimu nina mtazamo tofauti.

Skeli ya 1/8 ni kubwa ya kutosha kuweka nati za spoku za kweli. Kata bomba dogo la shaba, kipenyo cha nje mm 1.0 na cha ndani mm 0.5 na kidogo, vipande vya mm 3. Kipande kinapenya rimu kutoka nje, na kichwa unakipata kwa kufinya ncha kidogo au kwa kukereza. Spoku inaingia humo na kuteleza kwa uhuru mpaka umalize kunyoosha. Upande wa habu ndiyo ulehemu kwanza, spoku ikiwa na ndoano ya mm 1 iliyopita kwenye tundu la flanji. Upande wa rimu unakuja mwisho, tone dogo la epoksi ya kukauka polepole, ile ya saa kadhaa. Una muda wa kuzungusha gurudumu, kupima na kusukuma kabla haijashika.

Gundi ya haraka usiiguse kwenye gurudumu. Inashika kabla hujapima, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kila kitu kinachong'aa.

Kupima: funga habu kwenye ekseli yake, weka saa ya kupimia kwenye ukingo wa rimu, zungusha. Mm 0.2 kwa pembeni ni sawa na mm 1.6 kwenye gari halisi, jicho halitaona. Mm 0.5 litaona, hasa gari likisukumwa. Na upime mambo mawili kando kando, kuyumba kwa pembeni na kupanda na kushuka. La pili linatokana na habu kutokuwa katikati, na hakuna spoku ya kulirekebisha hapo baadaye.

Mpangilio wa kufunga nao una maana. Ukimaliza safu nzima ya nje ndipo uanze ya ndani, safu ya kwanza inakuwa imeshaivuta rimu. Funga kwa vikundi vya nne: mbili za nje zinazokabiliana, mbili za ndani zinazokabiliana, kisha geuza nyuzi 90. Idadi ya spoku na jinsi zinavyopishana usikisie, hesabu kwenye picha za gari lile lile unalolinakili. Picha ya ubavuni, kubwa, na uweke alama kila spoku uliyoihesabu.

---

SilindaNane

Nakuja kwenye injini, maana hapo watu wengi wanapotezewa mwaka mzima.

Injini ya J ina silinda nane kwa mstari, kipenyo cha inchi 3.75, mwendo wa pistoni inchi 4.75, jumla inchi za ujazo 420, yaani lita 6.9 hivi. Kemshafti (shafti za kufungua valvu) mbili juu, zinazoendeshwa kwa cheni, valvu nne kila silinda. Ilibuniwa na Duesenberg na kutengenezwa na kampuni ya injini ya Lycoming. Ilipotoka mwaka 1928 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 265.

Igawe kwa 8. Kipenyo kinakuwa mm 11.9, mwendo mm 15.1. Ujazo unagawanywa kwa 8 mara 8 mara 8, yaani 512, unabaki na cc 13.4 kwa silinda zote nane, cc 1.7 kila moja. Sasa weka valvu nne za mm 4 ndani ya duara la mm 11.9. Pengo linalobaki katikati halifiki mm 4. Plagi ya kawaida ya injini za modeli ina uzi wa robo inchi, mm 6.35. Haingii. Ungelazimika kutengeneza plagi nane zako mwenyewe, au uache valvu nne uweke mbili, na hapo si injini ya Duesenberg tena.

Hata ukipata plagi, kuna fizikia. Kila skeli inapopungua mara 8, eneo la ukuta likilinganishwa na ujazo linaongezeka mara 8. Joto la mlipuko linakimbilia kwenye kuta kabla halijasukuma pistoni. Matone ya petroli kutoka kwenye kabureta hayapungui ukubwa, yanaganda kwenye kuta za manifoldi badala ya kugawanyika sawa kwa silinda nane. Na uwazi kati ya pistoni na silinda unaovumilika kwenye gari ukiupunguza mara 8 unafika kiwango ambacho kukereza hakutoshi, inabidi kusaga kila silinda na pistoni yake kwa unga laini.

Ushauri wangu bila kuzunguka: ya 1/8 ifanye izunguke kwa mkono, kila kinachoonekana kifanye kazi. Kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), pistoni, cheni, kemshafti, valvu zipande na kushuka. Hamu ya kusikia mlio ikikuzidi, jenga silinda moja ya skeli ya 1/4. Kipenyo mm 23.8, mwendo mm 30.2, na ujazo wa silinda hiyo moja ni cc 13.4, sawasawa na injini nzima ya 1/8. Hapo plagi inakaa, na silinda hiyo ni mradi unaojitegemea.

Kranki ndiyo kipande kigumu kuliko vyote. Usiikereze kutoka kwenye chuma kimoja, nyembamba hivyo itapinda. Ijenge kwa vipande. Mikono yote ya kranki ishike pamoja kama mkate uliokatwa, toboa matundu mawili kwa mpigo mmoja, umbali wa katikati hadi katikati mm 7.54 (nusu ya mwendo). Hapo hata kama kipimo kina kosa la mm 0.02, kosa ni moja kwa mikono yote na kranki bado inazunguka. Pitisha shafti kuu moja ndefu kwenye mikono yote, weka pini za pistoni, panga pembe juu ya vitalu vya umbo la V, gundisha kwa gundi ya kushikilia bearingi ukiacha uwazi wa mm 0.02 hadi 0.03, kisha toboa na utie pini ya mm 1.5 kila maungio. Baada ya saa 24 ndipo ukate vipande vya shafti vilivyo katikati ya mikono. Kulehemu kwa fedha kunashika zaidi, lakini joto lake litaipinda kranki ndefu namna hii, na hii haibebi mlipuko wowote.

Injini halisi ina bearingi kuu tano. Zitobolewe zote kwa mpigo mmoja kwenye bloku, kutoka ncha hadi ncha, kifuniko kikiwa kimefungwa. Ukitoboa moja moja, kranki itakaza kila nusu mzunguko na utatafuta kosa kwenye pistoni wakati liko kwenye bearingi.

Bolti za nje: nati ya inchi 9/16 ina upana wa mm 14.3, kwenye modeli mm 1.8. Nati ya kawaida ya M1 ina mm 2.5, itaonekana kama nati ya lori. Tafuta fito ya pembe sita ya mm 1.8 ukate vichwa mwenyewe. Waya za plagi, za mm 7 kwenye gari, ziwe mm 0.9.

---

LakaTatu

Rangi. Vinundu vya ganda la chungwa maana yake matone yamekauka kabla hayajaungana. Sababu ni moja kati ya hizi au zote: rangi nzito, bunduki iko mbali, au presha kubwa inakausha tone likiwa hewani. Changanya sehemu moja ya laka kwa sehemu moja ya thina, ukiona bado ongeza mpaka moja na nusu ya thina. Presha bar 1 hadi 1.3, umbali sentimita 8 hadi 10, koti ionekane ya majimaji kwa sekunde chache baada ya kupita. Koti tatu au nne nyembamba, dakika 15 kati yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi laka inatoka na utando mweupe. Tumia thina inayokauka polepole au subiri siku kavu.

Shaba isiyokwaruzwa haishiki praima ya kawaida. Msasa 600, osha kwa sabuni, suuza, usiguse kwa vidole, kisha praima ya kung'ata metali. Na kamwe usipulize laka juu ya rangi ya mafuta, itakunjamana kama ngozi ya maziwa. Kinyume chake kinakubalika.

Bloku ya J ni ya kijani cha tufaha bichi, yenye kung'aa, na juu yake kuna vipande vya nikeli, kromu na chuma kisichoshika kutu. Watu wanaipiga rangi hiyo kisha wanaifunika yote kwa koti la kung'arisha. Acha. Kijani king'ae, metali zing'ae kwa ung'aavu wake wenyewe, zifungwe baada ya rangi kukauka siku mbili kamili.

Kwa kromu, vipande vidogo vitengeneze kwa shaba nyeupe ya nikeli na uving'arishe, msasa 1500, 3000, halafu dawa ya kung'arishia. Mng'ao wake una umanjano kidogo, na hapa angalia mwaka: kromu ilienea kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1920, kabla ya hapo ilikuwa nikeli. Gari la J lina kromu, ya kibluu na baridi. Kwa bampa na fremu ya rejeta peleka vipande vikapakwe kromu halisi, na uvipunguze ukubwa kidogo kabla, maana utando unaziba pembe kali na nyuzi za bolti.

Mabomba ya ekzosi yanayotoka nje ya boneti yalitokana na SJ, toleo la J lenye supachaja (pampu ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini), mwaka 1932, nguvu za farasi 320. Lakini yaliwekwa pia kwenye J zisizo na supachaja, kwa hiyo tazama gari lako kabla ya kuyatengeneza. Utayapata kwa kuviringisha waya wa mm 0.4, mzunguko ukigusa mzunguko, kwenye msingi wa shaba nyekundu iliyolainishwa kwa moto. Viringisha msingi ukiwa umenyooka, ndipo upinde. Kwenye kona upande wa nje utafunguka. Sukuma koili kutoka ncha zote mbili mpaka nafasi ifungwe, kisha lehemu ncha tu.

---

MadigadiNdefu

Wakuu, mmenifungua macho, hasa suala la pembe za matundu. Nimepima habu zangu: nusu kipenyo cha flanji ya nje mm 6, ya ndani mm 9, ukuta wa rimu mm 27.5. Kwa hiyo kwa upande wa mzunguko napata nyuzi 12.6 kwa nje na 19.1 kwa ndani. Ni sahihi?

Na la mwisho: kuna magurudumu niliyolehemu mwezi uliopita, sehemu za maungio zimeanza kutoa unga wa kijani na madoa ya kahawia kwenye spoku. Nilitumia flaksi (dawa ya kusafishia metali wakati wa kulehemu) ya asidi.

---

Kerezo

Hesabu ni sahihi. Usisahau mteremko wa kuelekea ekseli, nao ni tofauti kwa kila flanji.

Unga wa kijani ni asidi ya flaksi inayokula shaba, na madoa ya kahawia ni asidi hiyo hiyo ikishambulia spoku. Flaksi ya asidi unaihitaji kwa chuma kisichoshika kutu, ile ya rozini haitavunja utando wake, kwa hiyo usiibadilishe, ioshe tu. Mara gurudumu likipoa, maji ya moto yenye vijiko viwili vya magadi soda kwa lita, dakika 10, piga brashi ya meno kwenye kila maungio, suuza kwa maji safi mara mbili, kausha kwa hewa ya moto. Likisubiri mpaka kesho yake, asidi imeshaingia kati ya spoku na tundu na brashi haifiki.

Yale ya mwezi uliopita yaloweke kwenye magadi usiku kucha, kisha bonyeza kila spoku kwa kibanio. Inayocheza ndani ya risasi ikate na uweke nyingine kabla hujafikiria rangi.